Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone
Maneno ya katekista kwa walimu na wakristo, siku ya Jubilei



Siku ya jubilei ni desturi kuhesabu majengo: shule ngapi, zahanati ngapi, visima vingapi. Hesabu hiyo ni njema. Lakini liko swali lililo gumu zaidi: je, wenyeji wa nchi waliyapokea mambo hayo yakawa yao, au yamebaki kuwa vyombo vya mgeni? Nataka kulijibu kwa habari za watu walio mbali nasi, yaani Wamaori, wenyeji wa visiwa vya Nyuzilandi.

Wahenga wetu walisema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Lakini kule mgeni alikuja, na mwenyeji akaugua. Wazungu walileta maradhi yasiyojulikana visiwani, kisha vikafuata vita na kunyang’anywa ardhi. Hata ulipofika mwaka 1896 Wamaori walihesabiwa watu 42,000 hivi tu, na wageni wengi wakanena kwamba kabila hili linakwisha.

Halikwisha. Ilikuwako shule ya Kanisa iitwayo Te Aute, iliyoanzishwa mwaka 1854. Hapo walipita vijana watatu wa Kimaori: Apirana Ngata, Maui Pomare, na Te Rangi Hiroa, aitwaye pia Peter Buck. Ngata akawa mwanasheria. Pomare akasomea utabibu huko Chicago, akahitimu mwaka 1899. Te Rangi Hiroa akahitimu utabibu katika chuo cha Otago mwaka 1904. Lakini mwaka 1906 tume ya Serikali ilishauri shule ile itie mkazo katika kilimo na kazi za mikono. Jembe ni kitu chema. Bali kama vijana wale wangalipewa jembe peke yake, nani angaliwatibu ndugu zao?

Mwaka 1901 Pomare aliwekwa kuwa mwangalizi wa afya ya Wamaori, na mwaka 1905 Te Rangi Hiroa akawa msaidizi wake. Wakazunguka vijijini, wakaketi na wazee katika viwanja vya mikutano viitwavyo marae, wakasema nao kwa lugha yao na kwa adabu yao, habari za maji safi, vyoo, na nyumba zipitazo hewa. Sheria ya mwaka 1900 ilikuwa imeunda mabaraza ya Wamaori, nayo yakatunga kanuni za usafi. Na wakaguzi wakachaguliwa miongoni mwa wenyeji. Basi, tangu mwaka 1904 hata 1909, nyumba mbovu 1,256 zilibomolewa, nyumba mpya 2,103 zikajengwa, na vyoo zaidi ya 1,000 vikachimbwa. Mzee aliyemkataa mgeni alimsikiliza mwana wa nyumbani.

Hata hivyo kazi haikuisha. Mafua makali ya mwaka 1918 yaliua Wamaori 2,500 hivi. Kwa kadiri ya hesabu ya watu, vifo vyao vilizidi vya Wazungu wa nchi ile mara saba au zaidi. Na waliozaliwa miaka ya 2017 hata 2019 wametazamiwa kuishi miaka pungufu kuliko wenzao wasio Wamaori, kiasi cha miaka 7 na zaidi.

Tena lilikuwako jeraha jingine. Katika shule zilizowekwa kwa sheria ya mwaka 1867, Kiingereza ndicho kilichotakiwa, na watoto wengi walichapwa kwa kusema Kimaori. Lugha ikakaribia kufa. Ndipo mwaka 1982 wazee na akina mama wakaanza kukusanya watoto wachanga na kuwalea kwa Kimaori kitupu. Mahali hapo wakapaita kohanga reo, yaani kiota cha lugha. Mwaka 1987 Kimaori kikawa lugha rasmi kwa sheria.

Ndugu zangu, msidhani kwamba habari hizi zawahukumu Wazungu peke yao. Sisi tusemao Kiswahili tu wageni mahali pengine. Mtoto wa Wahadzabe, karibu na Ziwa Eyasi, huingia shuleni akikuta Kiswahili asichokisikia kwa mama yake. Akinyamaza, twamwita mjinga. Akitoroka, twasema watu wake hawapendi elimu. Mama yake akiogopa zahanati, twacheka. Hapo ni nani aliye mgeni?

Basi, mwalimu, jifunze salamu ya mtoto huyo, na majina ya maradhi katika lugha ya kwao. Mwalike mzee wao aingie darasani, afundishe majina ya miti na ya wanyama. Muuguzi naye, kabla ya kuamuru, aulize. Na kijana wao akifaulu, msimwambie yatosha kusoma barua; mpelekeni mbele hata awe tabibu au mwalimu, tena msimfundishe kuwaonea haya watu wake, maana akiwaonea haya hatarudi.

Katika jubilei ijayo na tuhesabu majengo tena. Lakini tuhesabu kwanza wana wa nyumbani waliorudi kufundisha na kutibu. Ndipo tutakapojua kama mwenyeji amepona.