Jina la Pili: Mashabiki, Wahusika Wao na Suala la Kuwapa Majina



Nimeombwa nizungumze juu ya isimu ya majina, na bila shaka wengi wenu mlitarajia nianze na ngeli. Huko nitafika. Ila kwanza naomba ruhusa ya kulitaja jambo ambalo baadhi ya wenzetu wanaliona la kitoto, yaani uchoraji unaofanywa na vijana wapenzi wa katuni, filamu na michezo ya kompyuta. Kijana anapenda kisa fulani, tuseme katuni ya Kijapani ya Naruto iliyoanza kuchapishwa mwaka 1999. Haridhiki kumchora Naruto peke yake. Anabuni mtu mwingine kabisa, ambaye mwandishi wa kisa hakupata kumjua, anamweka katika ulimwengu uleule, kisha anampa sura, mavazi, ukoo, silaha na jina. Pengine mtu huyo ni mchoraji mwenyewe, ila ni mrefu kuliko yeye, jasiri kuliko yeye, na hana deni dukani. Huyo wa kwanza nitamwita mhusika wa shabiki. Huyo wa pili nitamwita nafsi ya pili. Katika michoro mingi wawili hawa hukaa katika mwili mmoja.

Shutuma inayotolewa dhidi ya kazi hizi ni fupi: vijana wanaiga. Nayo shutuma hii si mpya. Ndiyo iliyotolewa kwa miaka mingi dhidi ya fasihi pendwa ya Kiswahili, na kwa sababu hiyo nataka tumwangalie kwa makini mhusika mmoja ambaye leo tunamfundisha darasani bila kuona haya.

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alifanya kazi katika idara ya afya, akaingia katika uandishi wa habari, na baadaye akawa mhariri wa gazeti la Mkulima. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya 1957/58 yaliyoandaliwa na East African Literature Bureau, ikachapishwa kitabu mwaka 1960. Ndani yake tunakutana na Bwana Msa, mpelelezi mvuta kiko, mwenye rafiki aitwaye Najum ambaye huuliza maswali ambayo sisi wasomaji tungetaka kuyauliza. Hahitaji mtu kuwa mhakiki ili aone nyuma ya kiko hicho moshi wa Sherlock Holmes, na nyuma ya Najum kivuli cha Daktari Watson. Sherlock Holmes alitokea mara ya kwanza mwaka 1887. Arthur Conan Doyle alipomuua katika hadithi ya mwaka 1893 wasomaji walinung'unika, na hatimaye ikambidi amfufue. Wakati huohuo waandishi wengine hawakungoja ruhusa. Mfaransa Maurice Leblanc alimchukua Holmes na kumpambanisha na mwizi wake Arsène Lupin, na alipolalamikiwa alihamisha herufi moja tu, akamwita Herlock Sholmes. Basi Bwana Msa ana jamaa wengi duniani.

Lakini tulitazame jina lenyewe. Msa ni M, S na A, herufi za mwanzo za majina matatu ya mwandishi. Mpelelezi ni mwandishi aliyevaa vazi la mtu aliyempenda katika vitabu. Ndiyo nafsi ya pili hasa! Na hapa mwanaisimu ana la kusema ambalo mhakiki wa fasihi hulipita. Herufi za mwanzo za majina, katika lugha nyingi, hubaki herufi: hutamkwa moja moja, au hulazimika kutiliwa irabu ili zipate kuwa neno. Hizi tatu hazikuhitaji chochote. Katika Kiswahili kiambishi cha zamani mu- kilikwisha kupoteza irabu yake mbele ya konsonanti, na m iliyobaki ikawa silabi kamili. Kwa hiyo Msa ina silabi mbili, na mkazo unaangukia silabi ya kwanza, yaani ile m, sawasawa na mtu, mti na mji. Msikilizaji wa Unguja analisikia kama jina la mtu. Tena halipo mbali na Musa, jina ambalo kila mtoto wa chuoni analijua. Sijui lugha nyingine ambayo hila hii ingefanyika kwa wepesi kiasi hiki. Ukilipenda neno kuiga, basi sema kwamba Abdulla aliiga kiko. Jina amelitoa katika fonolojia ya Kiswahili.

Na jina lilivuta mambo mengine. Mtu aitwaye Bwana Msa hawezi kuchunguza wizi wa vito katika jumba la mwungwana wa Kiingereza. Anachunguza maiti iliyokutwa mzimuni, mahali ambapo majirani wangeridhika kabisa na maelezo kwamba wazee wamekasirika. Katika Kisima cha Giningi, kilichotoka mwaka 1968, jina Giningi ni la mji wa wachawi katika imani za Visiwani. Holmes alikuwa na akili katika nchi iliyokwisha kuamini akili. Msa ilimpasa kuitetea mbele ya watu wenye maelezo mengine, tena maelezo yenye heshima yake. Huo ni mzigo ambao mhusika wa awali hakupewa, na kwa maoni yangu ndio unaomfanya Msa awe mtu mwingine.

Waliofuata nitawapitia haraka. Elvis Musiba alitupa Willy Gamba katika Kufa na Kupona, mwaka 1974, na kila mtu alimwona James Bond ndani yake. Jina ni nusu la Kizungu na nusu letu, na gamba ni ngozi ngumu ya nje ya samaki au ya nyoka. Linamfaa mpelelezi anayebadili sura. (Vijana watalikumbuka neno hili kwa sababu nyingine, ile ya siasa ya mwaka 2011.) Ben Mtobwa alimbuni Joram Kiango, na pembeni yake akaweka mwanamke aitwaye Nuru. Kiango ni kitu cha kuwekea taa. Nimewasikia wahakiki wakizijadili riwaya hizo saa nzima bila kuligusa hilo! Upande wa muziki, Saleh Jabir alichukua mwaka 1991 wimbo wa Kimarekani uliokuwa ukivuma na kuutia maneno ya Kiswahili. Washairi wetu nao walikuwa na lakabu zao magazetini muda mrefu kabla ya hapo. Khamis Amani tunamjua zaidi kwa jina la Nyamaume kuliko kwa jina alilopewa na wazazi.

Sasa niende magharibi, kwa kuwa ushahidi wangu mwingine unatoka upande wa Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, karibu na Nyarubungo. Katika nchi za Maziwa Makuu kuna desturi ya majigambo. Bahima wa Ankole huyaita ebyevugo, na H. F. Morris alichapisha uchunguzi wake juu yake mwaka 1964. Wanyarwanda husema ibyivugo. Maneno yote mawili yanatokana na mzizi -vug-, kusema, uliotanguliwa na kiambishi cha kujirejea, ambacho kazi yake ni ile ya -ji- yetu. Kwivuga, basi, ni kujisema. Mtu husimama mbele ya wenzake na kujitaja kwa jina ambalo hakuzaliwa nalo, jina la vitani, kisha analieleza kwa vitendo vikubwa kuliko maisha. Hakuna aliyemshtaki kwa uongo. Wasikilizaji walijua kwamba anayesema ni jirani yao na kwamba anayesemwa ni mwingine.

Kipo pia kiambishi nya-, chenye maana ya mwenye au wa, ambacho watu wa pwani hukutana nacho katika majina ya mahali: Nyakanazi, Nyamiaga, Nyakahanga, na Nyarubungo yenyewe. Hutumika vilevile kwa nafsi. Nyabingi, roho ya kike iliyoheshimiwa kutoka Karagwe hadi Rwanda na kusini ya Uganda, kwa kawaida jina lake hufasiriwa kuwa mwenye vingi, na waliosema kwa niaba yake waliitwa kwa jina lake. Jina hilo limesafiri hadi Jamaika, kwenye ngoma za Warasta, nalo huko halihitaji pasipoti.

Nayasema haya kwa sababu ya mwanafunzi mmoja, mzaliwa wa upande huo, aliyetaka kuandika tasnifu juu ya michoro ya mashabiki. Pendekezo lake lilikataliwa katika chuo kimoja kwa maelezo kwamba mambo haya si ya Kiswahili wala si ya Kiafrika. Nilipoomba kuiona michoro yake mwenyewe, alinionesha daftari. Msichana aliyechorwa alikuwa amevaa kitambaa cha kipaji, kama wapiganaji wa Naruto, na upepo ulikuwa silaha yake. Katika kurasa za mwanzo alikuwa na jina la Kijapani lililookotwa, na maelezo yote yaliandikwa kwa Kiingereza. Nilimuuliza mhusika huyo mama yake angemwitaje. Hakunijibu siku ile.

Wiki mbili baadaye msichana wa daftarini alikuwa anaitwa Nyamuyaga. Umuyaga ni upepo katika Kirundi na Kinyarwanda, na Kihaya husema omuyaga. Mtu wa Ngara na mtu wa Bukoba wangelielewa jina hilo bila mkalimani, na Mswahili wa Tanga angeweza kulitamka bila kujikwaa. Kitambaa kilibaki kichwani, na sikuona sababu ya kukiondoa. Ila mavazi yalikuwa yamebadilika, kijiji kilichofichika kilikuwa na migomba, na pembeni ya picha palikuwa na mistari sita ambamo Nyamuyaga anajisema kwa nafsi ya kwanza, kila mstari ukianza na jina jipya.

Wapo watakaouliza kama mistari hiyo ni majigambo ya kweli au ni mchezo. Mimi nimeuliza maswali mengine: kwa nini mistari minne kati ya sita ina nya-, ilhali miwili imetumia mwana wa, muundo wa Kiswahili, na kwa nini, anapomsimulia kwa Kiswahili pamoja na wenzake, mwanafunzi huyu husema akina Nyamuyaga, kana kwamba tayari mhusika ana ukoo. Pendekezo limeandikwa upya na kusajiliwa chini ya isimu ya majina. Sura ya pili inaanza na Bwana Msa.