MIKONO HAISAHAU KWAO

Maneno yaliyosemwa mbele ya familia zilizohama na viongozi wao



Leo ninawaletea habari ya glavu za sufu. Msinicheke! Huko Latvia, kaskazini mwa Ulaya, baridi ni kali. Watu hufuma glavu ambazo kidole gumba hukaa peke yake na vidole vinne pamoja. Kila eneo lina rangi na alama zake: jua, mavuno, na nyota ya asubuhi yenye ncha nane, ambayo wazee waliamini kwamba inafukuza mabaya ya usiku.

Zamani binti alianza kufuma akiwa mdogo, akijaza sanduku lake la arusi. Siku ya ndoa aliwagawia glavu mama mkwe na mashemeji. Jozi nyingine aliiacha kwenye jiko la nyumba yake mpya, nyingine kwenye zizi. Hivyo jamaa mbili ziliunganishwa kwa uzi.

Mwaka 1944 vita viliwarudia. Watu zaidi ya laki moja walikimbia, na wengi waliishi miaka katika kambi za Ujerumani. Mashamba yalibaki nyuma, lakini alama zilikuwa mikononi mwao. Walifuma, wakafundisha watoto. Baadaye walitawanyika Marekani, Kanada, Australia, na hata huko wajukuu wakajifunza alama zilezile. Nchi yao ilipata tena uhuru mwaka 1991. Mwaka 2006, wakubwa wa NATO walipokutana Riga, wageni walipewa glavu zilizofumwa kwa mikono, jozi 4,500.

Ndugu zangu, sisemi kwamba uzi utakurudishia shamba lako. Lakini hapa kuna mama anayefuma sweta na kofia za watoto, na mwingine anayesuka vikapu kwa namna ya kijiji chake. Ninawaomba mambo matatu.

Kwanza, mfundishe binti yako, na kijana pia akitaka.

Pili, kaeni pamoja ninyi mliotoka vijiji mbalimbali, hata vile vilivyogombana. Kila mmoja amfundishe mwenzake alama moja ya kwao. Alama isiwe ukuta, iwe zawadi.

Tatu, viongozi, watafutieni mahali penye kivuli, na kazi hii msiihesabu kuwa mchezo.

Haba na haba hujaza kibaba. Hata amani huanza na watu wawili walioketi kwenye mkeka mmoja.