Amana ya Mwambani

Alhamdulillahi Rabbil-alamin. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba wake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, Surat an-Nahl, katika aya ya 14, inatukumbusha neema ya bahari, kitoweo chake na pambo lake. Leo tuutazame mwamba wetu maji yanapokupwa. Wengi hudhani tumbawe ni jiwe. La! Ni maskani yaliyojengwa na wanyama wadogo mno, maelfu kwa maelfu, na tumbawe la mviringo huongezeka kiasi cha sentimita 1 tu kwa mwaka. Basi alivunjaye kwa chuma ili amtoe pweza mmoja, hubomoa kwa dakika kazi iliyoanza kabla ya babu yake kuzaliwa.

Na huyo pweza, mzingatieni. Jike hutaga kwa msimu mmoja tu katika uhai wake, kisha hukaa pangoni akiyalinda mayai, asionje chakula, mpaka yaanguliwe, naye hufa. Amchomaye wakati huo ameua maelfu.

Kwa ajili hiyo watu wa Kisiwa Panza, Pemba, walikubaliana kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa. Wako wasemao kwamba bahari haina mwenyewe. Mwenyewe ni Mola; na mapatano ni ahadi. Aingiaye usiku hamwibii afisa wa uvuvi, humwibia mjane aliyesubiri na wanawe hadi siku ya kufunguliwa. Toba yake haitimii mpaka amrudishie haki yake.