Jeni Kongwe, Kazi Mpya: Nyuropeptidi katika Neva za Lamprei, Kamongo na Silikanti

Ugwe wa mgongo wa lamprei, samaki asiye na taya, ukitolewa na kuwekwa kwenye bakuli la maji baridi ya chumvi huendelea kuishi kwa siku kadhaa. Hauna ubongo wa kuuamrisha wala mkia wa kuuchezesha. Hata hivyo, ukitiwa kemikali inayoiga glutameti, mjumbe wa kawaida kati ya neva, neva zake huanza "kuogelea": mapigo ya umeme hupokezana kushoto na kulia, yakishuka kutoka upande wa kichwa kuelekea mkiani, sawasawa na yanavyofanya samaki akikata maji. Katika Taasisi ya Karolinska, Sweden, kundi la mtafiti wa neva Sten Grillner lilitumia miaka mingi mbele ya bakuli la namna hiyo. Jambo moja waliloliona ndilo kiini cha mada hii. Ugwe huo ulipopewa dutu P kwa dakika 10 tu, mwendo wake uliongezeka kasi, na kasi hiyo ilidumu zaidi ya saa 24 baada ya dutu yenyewe kuoshwa.

Dutu P ni nyuropeptidi, yaani mnyororo mfupi wa asidi amino ambao seli ya neva huutengeneza na kuutoa ili kubadili tabia ya seli nyingine. Iligunduliwa mwaka 1931 na Ulf von Euler na John Gaddum, wakichunguza ubongo na utumbo wa farasi. Nyuropeptidi hazina haraka. Glutameti humaliza kazi kwa sehemu ndogo ya sekunde. Nyuropeptidi hupanga hali ya hewa ya ubongo kwa dakika, saa, pengine msimu mzima: njaa, kiu, uzazi, usingizi.

Kila nyuropeptidi hutokana na jeni fulani, na jeni hiyo imo katika kila seli ya samaki, kuanzia jicho hadi pezi. Kuwapo kwake si habari. Habari ni seli ipi inaisoma, na lini. Ili kulijua hilo, ubongo hukatwa vipande vyembamba mno, kisha hunyunyiziwa uzi wa RNA uliotengenezwa ili ujishike na RNA ya jeni inayotafutwa, yaani nakala ambayo seli huitengeneza inapoisoma jeni hiyo. Uzi huo hubebeshwa alama, na alama inayopendwa zaidi ni digoksijenini, kemikali itokayo kwenye mmea uleule unaotupa digoksini, dawa ya moyo. Penye RNA pana rangi. Chini ya hadubini, seli zinazosoma jeni huonekana kama madoa ya zambarau, na zisizoisoma hubaki nyeupe.

Mwaka 1994 watafiti wa Sweden walitumia mbinu ya aina hii kwa lamprei wa mtoni, Lampetra fluviatilis. Walitafuta jeni mbili ndugu, za nyuropeptidi Y na peptidi YY. Ya kwanza ilitolewa kwenye ubongo wa nguruwe mwaka 1982 na kwa wanyamalia ni maarufu kwa kuchochea hamu ya kula. Ya pili ilikuwa ikijulikana zaidi kama homoni ya utumbo. Kwa lamprei, zote mbili zilikuwa zikisomwa kwa wingi ndani ya ubongo. Hivyo aliyedhaniwa kuwa mtu wa utumboni ana historia ndefu ya kuishi kichwani.

Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa sababu jina "samaki wa kale", analopewa lamprei, limepotosha wengi. Lamprei si babu ya mtu wala wa sato. Ukoo wake uliachana na wetu takriban miaka milioni 500 iliyopita, na tangu hapo umekuwa ukibadilika kwa muda uleule tuliobadilika sisi. Hata uhasama wake na binadamu ni wa juzi: lamprei wa baharini alipoingia katika Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, aliwafyonza damu samaki wa biashara hadi uvuvi ukaanguka. Uadui huo, cha ajabu, ulisaidia sayansi. Lamprei hutaga mara moja tu maishani, kisha hufa. Anayetaka kumdhibiti lazima aujue uzazi wake. Stacia Sower wa Chuo Kikuu cha New Hampshire na wenzake wamechunguza kwa miongo kadhaa homoni za ubongo wa lamprei zinazoamsha uzazi. Zipo aina tatu, kila moja ya asidi amino 10, na ni jamaa za ile inayoanzisha balehe kwa binadamu.

Kinachoweza kuitwa cha kale, basi, ni jeni, na mfano mzuri ni ile ya nyuropeptidi iitwayo vasotosini. Lamprei ana jeni moja tu ya familia hii. Samaki wenye taya wana mbili, kwa kuwa jeni ile ilinakiliwa na nakala ikabaki jirani yake. Binadamu bado anao ujirani huo katika kromosomu ya 20: vasopresini inayozuia maji yasipotee kwenye mkojo, na oksitosini ya uchungu wa uzazi na maziwa ya mama.

Kwa msomaji wa Kisumu au Mwanza, hadithi ya vasotosini inaendelea sokoni. Kamongo wa Ziwa Victoria ni samaki mwenye mapafu, aliyemleta mtaalamu wa figo Homer Smith kutoka Marekani hadi huku mwaka 1928. Smith alivutiwa na uwezo wa mnyama huyu kujifukia tope likikauka, kujifunika ute unaokauka kama ngozi, na kungoja mvua. Majini, shida ya kamongo ni kuyatoa maji yanayomwingia bila kukoma. Ndani ya ute, shida inageuka na kila tone linakuwa mali. Watafiti wa Japani walimchunguza jamaa yake, Protopterus annectens, na kukuta kwamba aliyelala kiangazi husoma zaidi jeni ya vasotosini katika hipothalamasi, sehemu ya ubongo, huku figo nazo zikiongeza protini ya kupitishia maji ili yarudi mwilini. Yaani samaki huyu anaitumia vasotosini karibu sawa na binadamu mwenye kiu anavyoitumia vasopresini.

Silikanti, samaki wa kilindi cha bahari, ni mgumu zaidi kuchunguza. Jenomu yake ilichapishwa mwaka 2013, na jeni za vasotosini na nduguye mesotosini zinajulikana. Lakini RNA huoza haraka, na silikanti anayenaswa Tanga au Komoro hutoka kilindini na mara nyingi hufika ufukweni akiwa amekufa kwa saa nyingi. Ubongo wenyewe ni mdogo ajabu, ukijaza takriban asilimia 1.5 tu ya nafasi ya fuvu. Kosa moja la kisu na hakuna wa pili wa kujaribia. Samaki huyu analindwa, na hakuna anayepaswa kumvua kwa ajili ya hadubini.

Kamongo hana vikwazo hivyo. Anafika mwaloni akiwa hai, kwa sababu anavuta hewa. Jenomu ya Protopterus annectens, yenye herufi bilioni 40 hivi dhidi ya bilioni 3 za binadamu, imeshasomwa, hivyo kuuandaa uzi wa RNA wa kumtafutia jeni yoyote si kazi ya kuanzia gizani. Maabara ya kando ya ziwa inayotaka kuanza inahitaji barafu, kimiminika cha kuhifadhi RNA, mashine ya kukata tishu na mvuvi atakayekubali kuuza vichwa peke yake. Sharti moja tu ndilo gumu: ubongo utoke fuvuni dakika chache baada ya samaki kufa, wala usisubiri gari la kurudi mjini.