Moteri ya Trakteri Iliyotengenezwa Upya Inapokataa Kuwaka



Leo maneno yetu ni juu ya trakteri ya zamani yenye moteri ya esanse. Umeifungua yote. Umetia pistoni mpya, umesafisha supape, ndiyo milango midogo ya moteri, kisha umefunga kila kitu. Sasa unazungusha manivele mpaka jasho linakutoka, na moteri haisemi neno. Mvua imekaribia, shamba halijalimwa, na feza ya vyombo imekwisha kulipwa.

Wakati huu watu wengi hufanya mambo mawili mabaya. Wengine wanafungua moteri mara ya pili. Wengine wanafunga kamba na kuvuta trakteri kwa nguvu. Usifanye hivyo. Moteri mpya ikivutwa na mafuta ya kulainisha hayajafika mahali pote, chuma kinasuguana na chuma, na kazi yako yote inaharibika kwa siku moja.

Moteri inataka vitu vinne tu: esanse na hewa, nguvu ya kukamua, cheche ya umeme, na cheche ile kuja kwa saa yake. Uliza moja moja, kwa taratibu. Usigeuze vitu viwili pamoja, maana hutajua ni kipi kilichoponya.

Nitatumia mfano wa trakteri Farmall H, iliyotengenezwa Marekani tangu 1939 hata 1953. Ina silinda nne na manyeto, ndiyo chombo kinachozaa umeme bila batri. Trakteri nyingine za siku zile zinafanana nayo. Lakini vipimo usome katika kitabu cha mashini yako mwenyewe.

Kwanza, jilinde. Zuia magurudumu kwa mawe, na weka vitesi mahali pasipo na kazi. Unaposhika manivele, kidole gumba kiwe upande mmoja na vidole vingine, kisha vuta kwenda juu. Usisukume kwenda chini. Moteri ikirudi nyuma, itakuvunja mkono.

1. Esanse. Fungua kizibo kilicho chini ya karburateri na kinga kwa kopo. Esanse itoke mfululizo. Ikidondoka kidogo kidogo, kutu ya tangi imeziba njia, ao tundu dogo la kifuniko cha tangi limeziba. Tazama ndani ya kopo: maji hukaa chini kama shanga. Mashini nyingine zina matangi mawili, la esanse na la petroli ya taa. Hizo huamshwa kwa esanse, kisha zikipata moto hupewa petroli. Kama petroli imebaki ndani ya karburateri, moteri baridi haitawaka. Imwage yote.

Tazama pia joini za bomba la hewa, kati ya karburateri na moteri. Hewa ikiingia pembeni, esanse inakuwa haba.

2. Nguvu ya kukamua. Zungusha manivele pole pole, mizunguko miwili kamili. Utasikia uzito mara nne, na uzito wote uwe sawasawa. Kama silinda zote ni nyepesi, labda esanse imeosha mafuta ndani yake. Toa buji, tia kijiko kimoja cha mafuta ya moteri katika kila silinda, kisha jaribu tena. Kama ni silinda moja tu iliyo nyepesi, angalia supape zake. Fundi asipoacha nafasi ndogo kati ya supape na mkono unaoisukuma, haifungi vema, na nguvu inatoroka.

3. Cheche. Toa buji zote uzikaushe. Nafasi ya ncha zake kwa manyeto ni karibu milimetri 0.6. Funga buji moja kwenye waya wake, uilaze juu ya chuma kitupu cha moteri, mbali na esanse na mbali na matundu ya buji, kisha zungusha. Cheche iwe ya buluu na yenye nguvu.

Hakuna cheche? Fungua waya wa kuzimia moteri unaotoka kwenye manyeto. Waya huo ukigusa chuma, umeme wote unapotea. Kisha fungua kifuniko cha manyeto, usafishe ncha mbili zinazofunguka na kufungika. Katika manyeto ya Farmall H zinafunguka milimetri 0.33. Angalia na rangi: fundi akipaka rangi mahali manyeto inapokutana na moteri, umeme unakosa njia.

Sikia tena kama manyeto inalia «ta!» unapozungusha polepole. Ni resorti inayoishika kidogo, kisha inaiachilia kwa nguvu, ili cheche iwe kali na ije kwa kuchelewa. Mafuta mazito yakigandisha chombo hiki, hakilii. Cheche inakuja mapema, na manivele inapiga mkono. Kisafishe kwa petroli.

4. Saa ya cheche. Hapa ndipo wengi wanapopotea baada ya kutengeneza moteri. Kumbuka: pistoni inapanda mara mbili. Mara moja inakamua esanse, mara nyingine inafukuza moshi. Alama ya gurudumu inaonekana mara zote mbili! Fundi akifunga manyeto kwa alama peke yake, nusu ya bahati cheche inakuja wakati wa moshi, na moteri haitawaka hata mwaka mzima.

Fanya hivi. Toa buji ya silinda ya kwanza, ile iliyo mbele karibu na radiateri. Ziba tundu kwa kidole. Mwenzako azungushe pole pole. Hewa ikisukuma kidole, ndiyo mara ya kukamua. Endelea mpaka alama isimame mahali pake. Hapo hapo manyeto ilie «ta!», na mkono mdogo wa ndani uelekee waya wa silinda ya kwanza. Kama umeelekea waya wa silinda ya nne, manyeto imefungwa kinyume. Itoe, izungushe, ifunge tena.

Kisha fuata nyaya kwa mpango wa Farmall H: 1, 3, 4, 2, kwa upande mkono mdogo unakozunguka.

Kuna ushuhuda mwingine. Silinda ya kwanza ikiwa mwisho wa kukamua, supape zake mbili zimefungwa, na za silinda ya nne zinabadilishana: moja inafungika, moja inafunguka. Kama si hivyo, meno ya magurudumu ya ndani hayakuwekwa alama kwa alama. Ni siku hiyo tu utafungua moteri tena, na utafungua mbele peke yake.

Moteri ikiwaka, tazama mara moja saa ya mafuta. Kama haipandi, zima. Ikipanda, iache izunguke polepole bila mzigo, ndipo uende shambani.

Ndiyo maneno yangu. Fundi mwenye kuuliza kwa taratibu hutumia asubuhi moja; mwenye hasira atapoteza majira ya mbegu. Kazi njema.