Shule Mbili, Jengo Moja: Tunaunganisha Nini Hasa?

Haya ni maneno niliyowaambia wenzangu kwenye mdahalo wetu wa wanafunzi wa sayansi ya siasa. Wengine waliokosa waliomba niyaweke hapa, basi nimeyaacha jinsi nilivyoyasema. Kanuni ya uzi huu ni ile ile: hatutaji mwanasiasa wala chama. Tunapima hoja.

Wenzangu, leo tuende New York. Kule si ajabu jengo moja la umma kubeba shule mbili au tatu. Kila shule ina mwalimu mkuu wake, na hao wakuu hukaa pamoja kwenye baraza la jengo kupanga nani atatumia ukumbi wa chakula saa ngapi, na nani atapata uwanja. Sasa, mara nyingine shule moja kati ya hizo ni ya watoto wanaoitwa wenye vipawa. Mara nyingine si shule nzima, ni madarasa machache tu ndani ya shule ya kawaida, chini ya mkuu mmoja. Watoto wanaingia lango moja asubuhi, halafu wanagawanyika kwenye ngazi.

Swali linalorudi kila msimu wa kampeni ni hili: waunganishwe ama wasiunganishwe?

Shida yangu na swali hilo ni kwamba neno "kuunganisha" linabeba maamuzi matatu tofauti, na wanaobishana mara nyingi kila mmoja anazungumzia lake.

Uamuzi wa kwanza ni wa uongozi. Mkuu mmoja, bajeti moja, chama kimoja cha wazazi. Hili si dogo, kwa sababu vyama vya wazazi kule huchangisha pesa, na chama cha wazazi wenye mifuko mizito kinaweza kulipia vitu ambavyo jirani wa ghorofa ya chini hana. Lakini hapa hakuna mtoto aliyebadilisha dawati. Unaweza kuunganisha ofisi na ukuta wa madarasa ukabaki vile vile.

Hata sisi tunalijua hili. Tangu 2023 wanafunzi wa gredi ya 7 na wale waliowafuata wamekuwa wakisomea kwenye shule za msingi, na tumewasikia walimu wa sekondari msingi wakidai wajitawale, wasiwe chini ya mkuu wa shule ya msingi. Hayo ni mabishano ya nani anashika funguo. Ni halali kabisa, ila si mabishano ya mtoto anajifunza nini.

Uamuzi wa pili ni wa darasa. Watoto wakae pamoja, mwalimu mmoja awafundishe wote, na yule anayemaliza hesabu mapema apewe kazi ngumu zaidi. Kwenye karatasi ni safi. Darasani inategemea mwalimu ana watoto wangapi na alifundishwa vipi kuwafundisha wa viwango tofauti. Mzazi anayeogopa kwamba mwanawe atakaa tu akisubiri wengine si mbaguzi kwa sababu ya hofu hiyo. Anauliza jambo la kweli.

Uamuzi wa tatu ndio mzito: mlango. Nani anaitwa mwenye kipawa, na anaitwa akiwa na umri gani? Kwa miaka mingi New York iliwapa mtihani watoto wa miaka 4, kabla hata hawajaanza chekechea. Matokeo yalikuwa kwamba, kati ya takriban wanafunzi 16,000 wa madarasa hayo ya msingi, kama asilimia 75 walikuwa watoto weupe au wenye asili ya Asia, kwenye mfumo ambao wanafunzi wake wengi ni weusi na Walatino. Mtoto wa miaka 4 hajisajili mwenyewe mtihani. Anasajiliwa na mzazi anayejua upo, na wengine walilipia masomo ya maandalizi.

Mwanzoni mwa 2021 bodi ya elimu ya jiji ilikataa kurefusha mkataba wa mtihani huo. Oktoba mwaka huo uongozi wa jiji ukatangaza kuziondoa programu hizo taratibu. Uongozi mwingine ukaingia, na mwaka wa 2022 ukazirudisha na kuzipanua: nafasi 100 zaidi za chekechea na 1,000 za darasa la tatu, huku walimu wa watoto wadogo wakipendekeza majina na bahati nasibu ikigawa nafasi.

Na msifikiri waliotetea programu hizo walikuwa matajiri peke yao. Tajiri ana njia nyingine: atalipia shule ya kibinafsi ama atahama. Waliopaza sauti ni pamoja na familia za wahamiaji kutoka Asia zisizo na pesa, ambazo ziliona hapo ndipo pa kupanda bila karo. Kulikuwa pia na wazazi weusi waliosema: msifunge, tuleteeni na mtaani kwetu.

Basi msimamo wangu. Kuunganisha uongozi ni rahisi, na kunasaidia kugawa pesa na uwanja kwa haki. Kuunganisha madarasa ya wadogo naunga mkono, mradi walimu waongezwe na wafundishwe kwanza, la sivyo tunawabebesha mzigo kisha tunawalaumu. Ila mlango wa miaka 4 ufungwe. Kazi ya ziada ianze darasa la tatu, itolewe kwa somo, na mtoto aweze kuingia au kutoka kila mwaka.

Nasema hivyo kwa sababu nimesoma shule iliyotupanga mikondo kwa alama. Kufika muhula wa pili, tulio mkondo wa mwisho tulikuwa tumeacha kuinua mkono. Hakuna aliyetukataza. Tulijua tu tumewekwa wapi.

Kwa hivyo mgombea akisimama jukwaani akasema "tutaunganisha" ama "hatutagusa", usipige makofi bado. Muulize: ofisi, darasa, ama mlango? Na walimu wa kufanya hiyo kazi wako kwenye bajeti ya mwaka gani?

Kama mko na swali, leteni hapa chini, nitajibu moja moja.