Marehemu wa Kariakoo bado wanadai

(Mazungumzo na vijana wa kijiwe, Dar es Salaam)



Nimeambiwa niseme kwa kifupi, lakini jambo lenyewe si fupi. Basi vumilieni, kahawa ipo.

Kila siku kondakta ananing'inia mlangoni mwa daladala akipayuka "Kariakoo, Kariakoo!" nawe unaruka unapanda. Je, umewahi kujiuliza neno hilo limetoka wapi? Si Kizaramo, wala si Kiarabu. Ni Kiingereza kilichopinda midomoni mwa babu zetu: Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, wakiwa wanamkimbiza Mjerumani, eneo hili walilifanya kambi ya wapagazi wa vita. Pale unapotandika viatu vya mtumba, ukamkwepa mgambo wa jiji, pale ndipo walipolala watu waliokuwa wakisubiri kubebeshwa mizigo hadi kufa.

Leo nataka tuzungumze juu ya mshahara wa watu hao. Maana haukulipwa wote. Na deni la marehemu halifi kwa kuwa mwenyewe kafa. Lina wenyewe, ambao ni mjane na watoto.

Vita ile ya 1914 hadi 1918 haikupiganwa kwa malori. Mbung'o walimaliza farasi na ng'ombe, barabara hazikuwapo, kwa hiyo jeshi zima lilipanda juu ya kichwa cha Mwafrika. Ratili 50, ratili 60, kutwa nzima, mvua ikinyesha. Wanahistoria wanakadiria kwamba Uingereza iliwatumia wapagazi wapatao milioni moja katika Afrika Mashariki. Waliokufa ni kama 100,000, na wapo wanaosema hesabu hiyo ni ndogo. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, kwa malaria, kwa kichomi na kwa njaa, wamelala kando ya njia na mzigo wa bwana umehamishiwa kwa mwingine. Mshahara wa mpagazi wa kawaida, baada ya serikali ya kikoloni kuushusha, ulikuwa kama rupia tano kwa mwezi. Naam, rupia tano!

Afisa mmoja wa Wizara ya Makoloni kule London aliandika baadaye, bila haya, kwamba mambo yale hayakugeuka kashfa kwa sababu tu walioumia zaidi walikuwa wapagazi, na nani angejali wapagazi wa kienyeji?

Sasa sikilizeni hesabu ilivyokwenda. Vita vikaisha, vitabu vikafunguliwa, ikaonekana kuna mishahara ya maelfu ya watu waliokufa au wasiojulikana waliko. Zipo familia zilizofika zikalipwa. Nyingine nyingi hazikufika. Serikali ikasema: mwenye haki ajitokeze. Ajitokeze vipi? Karani aliandika jina alivyolisikia, na huyo karani mwenyewe katoka kabila jingine. Kijiji kikaandikwa kwa jina la jumbe, jumbe akafa. Mpagazi alivishwa kibati chenye namba, lakini kibati hicho alikufa nacho Rufiji, mkewe angekijuaje? Wakubwa wa huku huku, akiwemo Oscar Watkins aliyekikamatia kikosi chenyewe, walidai kwamba basi, kama warithi hawaonekani, fedha zile zitumike kwa manufaa ya Waafrika walikotoka watu wale. Madai yakazunguka ofisi kwa ofisi katika miaka ya 1920. London ikakataa. Fedha za marehemu zikabaki kwa aliyewaua kwa mizigo.

Hapa ndipo nataka mtege sikio. Serikali ile ilipomtaka yule mtu, haikumtafuta kwa fomu. Ilimfuata hadi shambani kwake, ikamkuta, ikamfunga kamba, ikamleta Kariakoo. Kijiji ilikijua, jumbe ilimjua, hata nyumba iliijua. Lakini ilipofika siku ya kumlipa, ghafla haikujua tena njia ya kwenda kwake! Kuchukua, serikali huja yenyewe. Kulipa, inataka ufuatwe wewe, tena uje na karatasi.

Nendeni pale makutano ya Samora na Maktaba mkaitazame Sanamu ya Askari. Ilizinduliwa mwaka 1927, mahali ambapo Mjerumani alikuwa amemsimamisha Wissmann wake. Yule juu ni askari mwenye bunduki. Maandishi ya chini yanawakumbuka wapagazi nao, lakini sura yao haipo, na jina hata moja halipo. Haikuwa kusahau. Iliamuliwa hivyo mezani, kwamba kwa Mwafrika sanamu moja yatosha. Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti yake yenyewe ikakiri: watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza, Ben Wallace, akasimama bungeni akaomba radhi. Radhi tumeipokea. Rupia je?

Msidhani haiwezekani. Mjerumani aliyeshindwa vita alifanya kitu ambacho mshindi hakukifanya. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha fedha kwa askari wazee wa von Lettow-Vorbeck waliokuwa bado hai. Miaka 46 ilikuwa imepita tangu jenerali huyo asalimu amri Abercorn, ambako leo ni Mbala, Zambia. Inasimuliwa kwamba dirisha la malipo lilipofunguliwa Mwanza, walifika wazee kama 350, na wachache tu walikuwa na hati walizopewa mwaka 1918. Wengine walileta vipande vya kombati kuukuu. Yule mhasibu hakuwafukuza akasema nendeni mkalete barua ya mtendaji. Alimpa kila mzee ufagio, akamwamuru kwa Kijerumani: bega silaha! Na hakuna mzee aliyekosea. Kisa hicho huenda kimetiwa chumvi kidogo, maana kimesimuliwa mara nyingi mno, lakini malipo yalikuwapo.

Hata hivyo tusimvike Mjerumani kilemba. Huyu ndiye wa Maji Maji. Waliolipwa ni askari waliokuwa wangali na pumzi; wapagazi wake mwenyewe, waliokufa nao kwa maelfu, hawakuwamo katika hesabu hiyo. Na mjane hawezi kubeba ufagio akaonyesha gwaride la mumewe.

Vita ya pili nayo ikaja, King's African Rifles wakapelekwa Uhabeshi, Madagaska, Burma. Mwaka 2019 uchunguzi wa Al Jazeera ulionyesha kwamba kiinua mgongo cha mwisho wa vita kilipimwa kwa rangi ya ngozi, Mzungu akipata hata mara tatu ya Mwafrika wa cheo hicho hicho. Mwaka mmoja kabla, mwezi Aprili 2018, Uingereza ilikuwa imetangaza pauni milioni 11.8 kwa ajili ya maveterani na wajane wapatao 7,000 wa nchi za Jumuiya ya Madola, ili wapate angalau milo miwili kwa siku. Angalieni neno hilo: milo. Mtu anakudai mshahara wa mumewe, wewe unampa chakula kisha unataka upigwe picha. Huko ni kugeuza deni kuwa sadaka, na wajane wengi sana walikuwa wameshazikwa.

Utaniambia: mzee, hayo ni ya mkoloni, sisi yanatuhusu nini? Yanakuhusu. Mkoloni kaondoka lakini dirisha lake kaliacha.

Mchukue kijana kama wewe. Kapita JKT, kabahatika kuingia jeshini, ana miaka 26. Anaishi na mama watoto wake chumba kimoja Mbagala, ndoa bado, mahari anakusanya. Anapelekwa kulinda amani. Tarehe 13 Julai 2013 kule Darfur walishambuliwa njiani, Watanzania saba wakauawa. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi yao ya Semuliki, mashariki ya Kongo, ilivamiwa usiku. Vijana wetu 14 waliuawa. Miili ilirudi na bendera, wakubwa walivaa nyeusi, kwaya iliimba. Sawa, heshima ilistahili. Swali langu linaanza magari ya wakubwa yanapoondoka.

Umoja wa Mataifa hulipa fidia kwa kila mlinzi wa amani anayekufa kazini. Kiwango kilichowekwa mwaka 1997 kilikuwa dola 50,000, baadaye kikapandishwa kuwa dola 70,000. Fedha hizo hazitumwi kwa mjane. Hulipwa kwa serikali iliyomtuma askari, nayo ndiyo impatie aliyeachwa, na kanuni ni kwamba asipewe pungufu ya kilicholipwa. Simtuhumu mtu wizi. Sina ushahidi na sipendi kubwabwaja. Lakini mjane wa Mbagala ameambiwa kiasi hicho? Kaonyeshwa karatasi inayosema kilichoingia na kilichotoka? Ukiuliza, unajibiwa kwamba mambo ya jeshi ni siri. Mpango wa vita ni siri, nakubali. Haki ya yatima ina siri gani?

Na kabla hajafika kwenye dirisha hilo, kwanza apite kwenye ukoo. Mafao ya marehemu huombewa msimamizi wa mirathi. Ukoo unakaa kikao, unaandika muhtasari, barua inatoka serikali ya mtaa, cheti cha kifo kinatoka RITA, mnakwenda Mahakama ya Mwanzo, tangazo linabandikwa, ndipo msimamizi anateuliwa na kurudi kwa mwajiri. Kila mlango una nauli, na mingine ina "chai". Aliyezoea anaweza kuimaliza njia hiyo. Mama watoto asiye na cheti cha ndoa hukwama mlango wa kwanza, kwa sababu kikao cha ukoo kinamuuliza: wewe ni nani?

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ina jibu lake. Mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, wakajulikana kama mume na mke, huchukuliwa kwamba wameoana. Lakini dhana hiyo hupingika, na atakayeipinga ni shemeji mwenye wakili. Hata mwenye cheti hajasalimika. Lipo Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka 1963 kuhusu sheria za mila, linalosema mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu kaacha ndugu wa ukoo wake. Yeye atatunzwa na watoto wake. Wajane wawili Watanzania walilipeleka jambo hilo hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayopinga ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati ikasema haki zao zimevunjwa. Zaidi ya miaka hamsini tangu tangazo hilo litoke! Tumebadili katiba, tumebadili hata rangi za noti.

Hapo nawasema na ninyi, msicheke. Shemeji huyo anayeuza kitanda cha marehemu siku ya arobaini si kigogo wa chama tawala. Ni mimi na wewe. Unaikandia serikali kijiweni, jioni unakwenda kwenye kikao cha ukoo kugawana pikipiki ya kaka yako.

Wapo pia wale wa Kagera. Idi Amin alipovamia mwaka 1978, jeshi letu lilivimba kwa maelfu ya mgambo waliotolewa mashambani na viwandani. Waliandikwa haraka, maana vita havisubiri karani. Mgambo aliyefia Uganda, mkewe alihesabiwa mjane wa mwanajeshi au mke wa mkulima aliyeondoka asirudi? Kila tarehe 25 Julai inawekwa mikuki na ngao, linawekwa shada la maua, mizinga inalia. Kwa miaka mingi sherehe hiyo ilifanyika hapo Mnazi Mmoja, hatua chache tu kutoka Kariakoo. Kule Kenya walitunga Sheria ya Maveterani wa Kijeshi mwaka 2022, ili angalau liwepo daftari na mahali pa kubisha hodi. Si kwamba Kenya ni peponi, wanazungushwa nao. Lakini kuna kifungu cha kumshikia mtu shati.

Basi kazi ya wiki hii ni hii. Mwenye ndugu jeshini amwulize leo, wakati anacheka na yuko likizo: jina la nani limeandikwa kwenye faili lako, na vyeti vya watoto viko wapi? Ataona unamchuria. Muulize tu. Na mwenye jirani aliyefiwa na askari, amlete Jumamosi pale tawini na karatasi zake zote, hata zilizoliwa na mchwa. Tunaye kijana anayesoma sheria, ataziangalia bure.

Nasi tutamwandikia Waziri wa Ulinzi barua, nakala kwa Waziri wa Fedha, yenye maswali matatu: tangu mwaka 1978 ni askari na mgambo wangapi waliofia kazini ambao familia zao hazijalipwa, fedha zao ni shilingi ngapi, na zimelala kwenye akaunti gani. Kila mwenye kalamu aje asaini. Asiyejua kusaini, wino wa dole gumba upo.